Kumtembeza Msituni Mbwa Mwepesi wa Kushtuka

Mbwa mwepesi wa kushtuka ni mbwa ambaye, akikutana na kitu fulani, hupandwa na mhemko mkubwa kuliko jambo lenyewe. Hubweka, huvuta kamba kwa uzito wake wote, huruka, huonyesha meno, na kwa muda huo hasikii jina lake wala hajali kipande cha nyama kilicho mbele ya pua yake. Kinachomshtua chaweza kuwa mbwa mwingine, mtu aliyevaa kofia pana, baiskeli, mtoto anayekimbia au lori la taka. Nyumbani mbwa huyohuyo aweza kuwa mpole kabisa, mwenye kulala miguuni pa wenyeji wake na kucheza na watoto wao mchana kutwa.

Katika miji ya Afrika Mashariki mbwa huyu huitwa mkali, na mazungumzo huishia hapo. Vibao vya "Mbwa Kali" vimejaa kwenye mageti ya Nairobi, na ukali huhesabiwa kuwa jambo la kuzaliwa nalo, kama rangi ya manyoya. Lakini kwa mbwa aliye matembezini neno hilo hufunika mambo matatu yasiyofanana. La kwanza, na ndilo linalokutwa sana, ni hofu. Mbwa mwenye hofu hubweka ili kinachomtisha kiondoke. Na kwa kuwa mpita njia huendelea na safari yake hadi akatoweka, mbwa huona kwamba kelele zimemwokoa, na siku ya pili huanza kubweka mapema zaidi. La pili ni hamu iliyozuiwa: mbwa anayetamani kumfikia mwenzake acheze naye, kamba ikamkatalia, hamu ikageuka hasira. La tatu ni silika ya kuwinda, inayoamshwa na paa akikatiza njia au kima akishuka mtini. Kwa mtazamaji makelele ni yaleyale, lakini anayemwendea mwenye hofu kama mwenye hamu, akamsogeza karibu na mbwa mwingine "wajuane", humtumbukiza palepale anapopaogopa.

Chanzo cha hofu hiyo mara nyingi kiko katika majuma ya mwanzo ya maisha. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu cha kuizoea dunia, kinachoanza karibu na juma la 3 na kuanza kufungika karibu na juma la 12. Anachokutana nacho wakati huo kwa amani hukichukua kuwa sehemu ya maisha. Asichokutana nacho atakitilia shaka baadaye. Mbwa wengi wa ulinzi mijini hupitisha majuma hayo ndani ya ua mmoja, kisha hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa wa namna hiyo akitolewa nje ya geti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 2, hakuna sababu ya kushangaa akiiona barabara nzima kuwa ni adui.

Maumivu nayo yana sehemu yake, na hayaonekani kwa urahisi. Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na wenzake walichapisha mwaka 2020 mapitio ya wanyama waliofikishwa kwa wataalamu wa tabia, na wakakadiria kwamba kwa uchache theluthi moja yao walikuwa na ugonjwa wenye maumivu. Nyonga, meno, masikio na tumbo ndipo mahali pa kuangalia kwanza. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa katika sura hii huanzia kwa daktari wa mifugo, hasa kama mbwa alikuwa mtulivu kisha akabadilika ghafla. Katika nchi zetu mabadiliko ya ghafla yana maana nyingine pia: kichaa cha mbwa bado kipo, na chanjo yake ndiyo sharti la kwanza kabla mbwa yeyote hajapelekwa penye watu. Mtu akiumwa, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anajulikana.

Kizingiti na umbali

Kila mbwa ana kizingiti, yaani mpaka ambao akiuvuka hawezi tena kujizuia wala kujifunza. Mpaka huo waweza kupimwa kwa mita. Mbwa aliye mita 60 kutoka kwa mwenzake humtazama, husikiliza, kisha hugeuka kunusa majani. Mbwa huyohuyo akiwa mita 20 hulipuka. Baina ya hapo na pale ndipo kazi ilipo. Umbali ndio dawa kuu ya ukali wa aina hii, na ni dawa ambayo mtaa haunayo: kati ya ukuta wa jirani na mfereji wa barabara hakuna mita 20 za kujiepusha, kila kona ina mbwa anayebweka nyuma ya geti, na bodaboda hupita bila kutoa taarifa.

Kizingiti hakikai mahali pamoja. Mshtuko mmoja huacha mwili wa mbwa ukiwa umejaa homoni za hatari, moyo ukienda mbio na misuli ikiwa imekaza, na hali hiyo huchukua saa kadhaa, kwa mbwa wengine hata siku nzima au zaidi, kutulia. Mshtuko wa pili ukija kabla ya hapo huongezeka juu ya ule wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba: fataki za usiku, kisha mgeni asubuhi, kisha safari ya gari, kisha mbwa mmoja kwa mbali msituni, na huyo wa mwisho, ambaye jana hangemshughulisha, ndiye anayelaumiwa kwa yote. Mwenye mbwa anayejua hesabu hii huangalia siku ilivyokuwa kabla ya kuchukua kamba.

Kanuni ya kubadilisha hofu ni kongwe kuliko vitabu vya mbwa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomtibu mtoto mdogo, aliyemwita Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Sungura aliletwa chumbani mtoto akiwa anakula chakula alichokipenda, akawekwa mbali, na kila siku akasogezwa kidogo, hadi mwishowe Peter akaweza kumgusa. Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliipa njia hiyo mpangilio wa kitabibu katika kitabu chake cha mwaka 1958. Anayetembea na mbwa wake msituni leo akiwa na vipande vya maini mfukoni anafanya jambo lilelile. Kichocheo kinaonekana kwa mbali, chakula kinakuja. Kichocheo kinaondoka, chakula kinakoma. Mpangilio huo haupinduliwi. Chakula kikitangulia kuonekana kwa kichocheo, mbwa mwerevu hujifunza kwamba nyama ni dalili ya balaa, na huanza kuiogopa nyama.

Kwa nini msitu

Msitu una mambo matatu ambayo mbwa wa aina hii anayahitaji: nafasi, vizuizi vya macho, na harufu. Nafasi imekwisha kuelezwa. Vizuizi vya macho ni shina nene, kichaka, mteremko wa mto. Mbwa mwingine akipita nyuma ya kichaka huwa amepotea machoni, na mshtuko mwingi huanzia machoni. Harufu ndiyo zawadi kubwa zaidi. Pua ya mbwa ina seli za kunusa kwa mamia ya mamilioni, wakati ya binadamu ina chache tu kwa kulinganisha, na mbwa anayenusa kwa utulivu huinamisha kichwa, hupunguza mwendo na hupumua kwa mpango. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mbwa waliopewa majuma 2 ya mazoezi ya kutafuta kwa pua walikiendea kwa wepesi zaidi chombo ambacho hawakujua kama kina chakula, tofauti na wenzao waliofundishwa kutembea kando ya bwana wao. Kunusa kuliwapa matumaini. Matembezi ya msituni kwa hiyo hayapimwi kwa kilomita. Dakika 30 za kunusa shina baada ya shina ni kazi kubwa kwa mbwa, na kumhimiza aende mbio ni kumnyima kile alichokuja kukifuata.

Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, ni mfano mzuri kwa sababu una kila kitu, pamoja na matatizo yake. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, una hekta zipatazo 1,041, na bado upo kwa sababu mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na shirika lake la Green Belt Movement waliutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990; mnamo Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti huko. Leo una zaidi ya kilomita 50 za njia, na mbwa wanaruhusiwa kuingia kwa sharti la kufungwa kamba. Jambo hilo si dogo, kwani mbuga za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa wa kufugwa hata kidogo. Sharti la kamba humlinda kila mmoja: pongo na suni wanaojificha vichakani, wakimbiaji, waendesha baiskeli, na zaidi ya wote mbwa mwenye hofu, ambaye usalama wake unategemea wenzake kutomjia mbio. Nchi nyingine hufanya hivyo kwa majira. Huko Norway mbwa hufungwa kamba kuanzia 1 Aprili hadi 20 Agosti, wakati ndege na wanyama wa porini wanapolea. Uingereza, katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kwa wapita njia, sheria inataka kamba isiyozidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai.

Saa ndiyo uamuzi wa kwanza. Mwishoni mwa juma, hasa Jumapili kuanzia saa 3 asubuhi, Karura hujaa familia, vikundi vya wakimbiaji na baiskeli, na mbwa mwepesi wa kushtuka hana biashara huko. Siku za kazi, alfajiri geti linapofunguliwa au adhuhuri watu wanapokuwa ofisini, njia zilezile huwa na sauti za ndege tu. Mvua ya asubuhi ikikatika ni wakati bora: watu wamebaki nyumbani na ardhi iliyolowa imeshika harufu.

Baada ya saa ni uso wa ardhi. Watu hudhani kwamba pori zito ndilo tulivu zaidi, na hapo wengi hukosea. Njia nyembamba iliyobanwa na vichaka haina pa kutokea. Mkimbiaji akitokeza kwenye kona yuko mita 5, na kizingiti kimekwisha kuvukwa kabla mtu hajafikiri. Kwa mbwa anayeanza, mahali pazuri ni pale mikaratusi iliyopandwa kwa safu inapoacha macho yaende mbali, au njia pana yenye upenyo wa kuingia kando kila baada ya hatua chache. Kichaka ni cha kujifichia, kisiwe cha kupita ndani yake. Mwenye mbwa hutembea akihesabu: shina lile, mteremko ule, njia panda ile. Upepo nao una maana. Ukivuma kutoka mbele, mbwa hupata habari za wanaokuja dakika nzima kabla hawajaonekana, na shingo inayokakamaa ghafla bila sababu inayoonekana ni taarifa ya kuchukuliwa kwa uzito. Ukivuma kutoka nyuma, mshtuko wa ghafla huongezeka, na ni busara kuchagua mzunguko unaoanza kwa kuelekea upepo.

Vifaa

Vifaa ni vichache. Mikanda ya kifuani yenye pete mgongoni na nyingine kifuani huondoa shinikizo shingoni, kwani mbwa anayekabwa kila anapomwona mwenzake huunganisha maumivu na mwenzake huyo. Kamba ya mita 3 hadi 5, nyepesi na isiyonyumbuka, humpa mbwa nafasi ya kunusa na bado humweka mkononi. Kamba zinazojivuta zenyewe kutoka kwenye kibweta cha plastiki hazifai, kwa kuwa humvuta mbwa muda wote na zikiponyoka mkononi humfukuza nyuma kwa kelele. Chakula kiwe cha thamani kuliko kile cha bakulini: maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo, kuku, samaki mkavu.

Mbwa aliyewahi kuuma, au anayeweza kuuma, huvalishwa kifunga mdomo chenye umbo la kikapu, kinachomruhusu kuhema kwa mdomo wazi, kunywa maji na kula. Huzoeshwa nyumbani kwa siku nyingi kabla ya kutoka, chakula kikitiwa ndani ya kikapu hadi awe anaingiza mdomo mwenyewe. Haya ya kuonekana na mbwa aliyefungwa mdomo isimzuie mtu. Kifaa hicho huonyesha kwamba mwenye mbwa anajali.

Mikanda ya shingo yenye miiba, na ile inayotoa shoti ya umeme, haina nafasi katika kazi hii. Wales iliipiga marufuku ile ya umeme mwaka 2010. Utafiti wa Meghan Herron na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, uliwauliza wenye mbwa wenye matatizo ya tabia walichokwisha kujaribu, na ikaonekana kwamba kumpiga, kumlaza chali kwa nguvu au kumkaripia usoni kuliwafanya baadhi yao wajibu kwa ukali. Sababu yake ni rahisi kuelewa: mbwa anayeogopa mbwa wengine, akiumizwa kila wanapotokea, amepewa ushahidi kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mbaya zaidi ni kumwadhibu kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyenyimwa onyo hubaki na meno tu.

Njiani

Mwili wa mbwa husema kabla ya mdomo. Ulimi unaoramba pua, miayo isiyo ya usingizi, mguu wa mbele ulioinuliwa, weupe wa jicho unaojitokeza pembeni: hizi ni dalili za mwanzo, na bado kuna muda. Mdomo uliokuwa wazi ukifungwa, masikio yakaelekea mbele, mkia ukasimama kama fimbo na uzito ukahamia miguu ya mbele, umebaki muda wa pumzi moja au mbili. Kipimo kizuri kuliko vyote ni chakula. Mbwa anayechukua kipande kwa ulaini yuko chini ya kizingiti. Anayekinyakua kwa meno yuko mpakani. Anayekiacha kidondoke amekwisha kuuvuka, na hapo hakuna mafunzo tena, kilichobaki ni kuondoka.

Kuondoka hufundishwa. Nyumbani, uani, kisha kwenye njia isiyo na mtu, mbwa husikia neno moja kwa sauti ya furaha, mtu anageuka, na chakula kinapatikana upande wa pili. Likirudiwa mamia ya mara, neno hilo huufanya mwili ugeuke kabla ya akili kuamua. Linalotamkwa kwa mara ya kwanza siku ya hatari halisaidii, tena sauti ya hofu ya bwana husafiri kwenye kamba hadi kwa mbwa. Zoezi la pili ni kutafuta: vipande vichache hutupwa majani yalipo, na mbwa anayenusa chini hawezi kukodoa macho. Karura kuna tahadhari juu ya hili, kwa sababu kima wamezoea chakula cha watu. Kilichotupwa kiliwe chote, na zoezi lisifanywe pale kima walipo juu ya miti.

Mbwa wanaosalimiana kwa adabu hawaendeani uso kwa uso. Huzunguka kwa upinde. Njia ya msitu huwalazimisha kuja moja kwa moja, na kamba huwanyima upinde huo. Mwenye mbwa huurudisha kwa kutoka njiani mapema, hatua 20 au 30 kando, akajiweka kati ya mbwa wake na wanaopita, akimlisha kipande baada ya kipande hadi wapite. Hakuna haja ya kusimama na kusubiri ikiwa mbwa hutulia zaidi akiwa anatembea.

Tukio gumu kuliko yote ni mbwa aliyefunguliwa kinyume cha kanuni, anayekuja mbio huku mwenyewe akiita kutoka mbali kwamba ni mpole. Upole wake haumsaidii mbwa mwenye hofu. Konzi ya chakula ikirushwa chini mbele ya anayekuja huwasimamisha wengi wao kwa sekunde za kutosha kugeuka na kwenda. Kamba isikazwe zaidi ya lazima, na mikono isipitishwe kati ya vinywa viwili.

Paa akitokea, mambo hubadilika. Mbwa hana hofu hapo. Amewaka kwa kuwinda, na chakula cha mkononi kina thamani ndogo mbele ya mnyama anayekimbia. Kamba imara, kusimama, na kumwacha atazame hadi mnyama apotee, kisha kumpa kitu cha kukimbiza kama mpira au kitambaa cha kuvutana, humridhisha kuliko kukaripiwa.

Watu wanaokutwa njiani nao wana haki yao. Wengi wamekua wakimjua mbwa kama mlinzi wa kuogopwa, na wengine waliwahi kuumwa utotoni. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Anayemtoa mbwa wake njiani mapema huwastahi hao wote kwa tendo lilelile linalomtuliza mbwa, na salamu fupi ya mbali huwaonyesha kwamba wameonekana.

Kurudi na kupumzika

Matembezi hukatizwa mbwa akiwa bado mtulivu, hata kama ni dakika 15 tu. Kabla ya kupanda gari mwili wote hupapaswa kutafuta kupe: ndani ya masikio, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe huleta magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi katika ukanda wetu, na homa yake huanza kwa uchovu na ukali mdogomdogo unaoweza kudhaniwa kuwa tabia. Nyumbani ni maji, kivuli na usingizi. Siku inayofuata msiba wowote wa njiani ni ya mapumziko. Kutafuta vipande uani au kutafuna mfupa kunatosha.

Daftari dogo husaidia: tarehe, saa, njia iliyopitwa, kichocheo kilichokutwa, umbali uliokuwapo kwa kukisia, na kama chakula kililiwa. Baada ya miezi 2 au 3 kurasa hizo huonyesha kizingiti kinakoelekea, mita 60 zikiwa 40, au saa fulani ya siku iliyo mbaya daima. Kwa baadhi ya mbwa mita hizo hupungua hadi njia ya kawaida ikawezekana. Kwa wengine hukoma kwenye 30 na kubaki hapo miaka yote, na mbwa hao huendelea kutembezwa alfajiri ya siku za kazi, kwenye njia pana, vipande vya maini vikiwa mfukoni.